Kabla ya Kuuliza "Trekta Gani?": Miaka 80 ya Mashine na Hesabu ya Heka Bonde la Kilombero

Mjomba wangu amestaafu ualimu, na kiinua mgongo chake kimeingia benki. Jioni moja akanipigia simu kutoka Ifakara. Baada ya shikamoo na marahaba, na habari za nyumbani zote, akaenda moja kwa moja kwenye hoja: "Wewe si ndiye umesomea mambo ya mitambo ya kilimo huko Morogoro? Basi niambie, ninunue trekta gani?"

Mjomba ana heka 6 za mpunga mbugani. Amechoka kusubiri matrekta ya watu. Msimu uliopita alilipia mapema, akaambiwa kesho, akaambiwa kesho kutwa, na trekta lilipofika mvua ilikuwa imekolea, dereva akagoma kuingia shambani asije akanasa. Heka 2 zikabaki pori. Kwa mwalimu mstaafu, heka 2 zisizolimwa ni ada ya mjukuu.

Nilimwomba anipe wiki 2. Nilidhani nitatumia muda huo kulinganisha bei na nguvu za injini. Badala yake nikajikuta nasoma historia, kwa sababu swali la mjomba nchi hii imeshaliuliza mara nyingi sana, tena kwa hela ambazo kiinua mgongo chake hakizioni hata kwa mbali. Mara nyingi tulilijibu kabla ya kuuliza swali linalolitangulia: trekta hilo litalima heka ngapi kwa mwaka, na ndani ya siku ngapi?

Makala hii inafuata swali hilo la pili. Tutapita Kongwa, Usukuma, Kibaha na Mngeta, kisha tutarudi Ifakara tupige hesabu na mjomba.

Bonde lenye siku chache

Kwa asiyelijua, Bonde la Kilombero liko mkoani Morogoro, milima ya Udzungwa ikiwa upande mmoja na nyanda za juu za Mahenge upande wa pili. Mto unapita katikati, na masika yakishika, kati ya Machi na Mei, sehemu kubwa ya tambarare inafunikwa na maji. Mafuriko hayo ndiyo yanayofanya mpunga ustawi bila mfereji. Mwaka 2002 tambarare hiyo iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani.

Mafuriko hayohayo ndiyo yanayombana mkulima. Udongo wa mbugani wakati wa kiangazi unakauka na kuwa mgumu kama tofali. Mvua za kwanza zinaulainisha, na hapo ndipo plau inapoingia. Mvua ikizidi, udongo unageuka tope linalonata na gurudumu linazunguka palepale. Kati ya ugumu na tope kuna dirisha la wiki chache tu, na ndani ya dirisha hilo shamba likatuliwe, lipigwe haro na lipandwe, ili mpunga uwe umesimama vizuri kabla maji makubwa hayajafika.

Sasa weka jembe la mkono kwenye dirisha hilo. Kukatua heka moja kwa jembe kunaweza kumchukua mtu mmoja wiki 3 hivi, kutegemea udongo na majani. Dirisha likiwa la siku 40, mtu mmoja anamaliza heka 2. Ndiyo maana kwa vizazi vingi ukubwa wa shamba la familia ulipimwa kwa mikono iliyopo nyumbani, hata pale ardhi ilipokuwa imejaa.

Kwingineko, mfano Usukuma, jibu lilikuwa ng'ombe na plau. Kilombero njia hiyo ilizibwa na mbung'o, yule nzi anayeeneza nagana kwa mifugo na malale kwa binadamu. Kwa muda mrefu bonde lilikuwa na ng'ombe wachache sana, na mifugo mingi ilianza kuingia na wafugaji kutoka kaskazini na magharibi mwa nchi katika miongo ya karibuni tu. Kwa hiyo hapa mkulima alitoka kwenye jembe akaruka moja kwa moja hadi kwenye trekta. Hiyo ngazi ya katikati, ya maksai, haikuwepo.

Wakoloni waliliona bonde hili mapema. Mwaka 1929 A. M. Telford aliandika ripoti kuhusu uendelezaji wa mabonde ya Rufiji na Kilombero. Mwaka 1961 FAO nayo ikatoa uchunguzi mkubwa wa bonde la Rufiji, ambalo Kilombero ni tawi lake. Ardhi ipo, maji yapo. Hilo halikuwahi kubishaniwa. Kazi ilikuwa kupata nguvu ya kuigeuza ardhi ndani ya siku chache zilizopo.

Kongwa, 1946: mashine kwanza, udongo baadaye

Jaribio kubwa la kwanza la trekta Tanganyika halikufanyika Kilombero. Lilifanyika ng'ambo ya milima, kwenye nyika kavu ya Kongwa, halafu Urambo na Nachingwea. Uingereza, ikiwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, ilipanga kulima karanga kwenye heka zipatazo milioni 3.2.

Matrekta mapya yalikuwa adimu baada ya vita, hivyo wakanunua yaliyotumika jeshini, mengine kutoka mbali kama Ufilipino. Yakaonekana hayatoshi, wakageuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta mazito, yakaitwa Shervick. Mashine zilitoka viwanda tofauti na nyingi zilikuwa zimeshachoka, spea hazikulingana, na mafundi waliozijua walikuwa wachache. Udongo wa Kongwa ulipokauka ulikuwa mgumu, tena wenye mchanga unaokwangua chuma kama msasa. Mwaka wa kwanza walilenga kupanda heka 150,000. Mwisho wa 1947 walikuwa wamepanda kama 7,500. Mradi ulifutwa Januari 1951, ukiwa umekula pauni milioni 36 hivi.

Watu hupenda kucheka kisa cha karanga, lakini tukitazame kama mainjinia. Gharama ya trekta haiishii kwenye bei ya kununulia. Kila siku linaposimama kusubiri spea, gharama yake inaendelea kukua bila heka hata moja kuingia kwenye hesabu. Mpango wa Kongwa ulihesabu mashine zilizoshuka bandarini. Siku ambazo mashine hizo zingekuwa kazini hazikuhesabiwa vizuri.

Cha ajabu, mwaka huohuo wa 1946, jijini Coventry, kiwanda kilianza kutoa trekta dogo la kijivu la Harry Ferguson, TE20. Lilikuwa jepesi, la nguvu za farasi zisizofika 30. Siri yake ilikuwa nyuma: mikono mitatu inayobeba plau, ikinyanyuliwa kwa mafuta ya haidroliki. Kabla ya hapo plau nyingi zilikokotwa kama tela, na trekta lilihitaji uzito wake mwenyewe ili magurudumu yasiteleze. Ferguson alifungamanisha plau na trekta vikawa kitu kimoja. Udongo unapoivuta plau chini na nyuma, mzigo huo unahamia kwenye magurudumu ya nyuma na kuyakandamiza, huku mkono wa juu ukizuia pua ya trekta isiinuke. Yaani uzito unakuja wenyewe wakati wa kazi, hulazimiki kuununua kama chuma. Hadi 1956 zilitengenezwa zaidi ya 500,000.

Kampuni ya Ferguson iliungana na Massey-Harris mwaka 1953, na baadaye jina likawa Massey Ferguson. Simama leo kando ya barabara ya Ifakara mwezi wa Desemba, utaona matrekta yaleyale yenye mikono mitatu nyuma, yamepakwa rangi mara 3 au 4. Vifaru vya Kongwa vilishakuwa vyuma chakavu zamani.

Uhuru, plau na trekta la serikali

Baada ya uhuru, hamu ya trekta ilikuja na sura mpya. Benki ya Dunia mwaka 1961 ilishauri kuanzisha makazi mapya ya wakulima, yenye mitaji na mashine. Makazi kadhaa yakajengwa, matrekta yakapelekwa, na mwaka 1966 serikali yenyewe ikatangaza kusimamisha kuanzisha mengine, kwa kuwa gharama zilizidi mno mapato.

Usukuma kulikuwa na jaribio jingine lenye funzo zaidi. Chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa pamba kilipeleka matrekta kulima mashamba makubwa ya pamoja. Trekta lilikatua eneo kubwa kwa haraka, ndiyo, lakini palizi na uvunaji vikabaki kwa mikono ileile ya zamani. Mkulima aliyelimiwa heka 10 alikuwa na mikono ya kupalilia heka 3. Majani yakala pamba, mapato hayakutosha kulipia trekta.

Hili kwenye sayansi ya mitambo ya kilimo tunaliita shingo ya chupa. Ukipanua sehemu moja ya kazi bila kugusa inayofuata, foleni inahama tu. Hata leo Kilombero, mtu anayeongeza heka kwa sababu trekta limepatikana ajiulize kwanza nani atapalilia.

Mwalimu Nyerere aliliona. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, alieleza mara kadhaa kwamba nchi haina fedha wala mafundi wa kuruka hadi kwenye trekta kila mahali, na kwamba hatua ya busara ni kutoka jembe la mkono kwenda plau ya ng'ombe. Mwaka 1972, Azimio la Iringa la "Siasa ni Kilimo" likarudia wito huo. Ulikuwa ushauri mzuri kwa sehemu kubwa ya nchi. Kwa Kilombero yenye mbung'o, ulikuwa ushauri unaomtaka mtu apande ngazi isiyokuwepo.

Kilichobadilisha bonde kilikuja kwa njia nyingine. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, ilipita Ifakara, Mngeta, Chita na Mlimba. Mpunga ukapata njia ya kwenda Dar es Salaam, watu wakapata njia ya kuja kutafuta mashamba. Soko likiwepo, heka ya ziada ina maana. Hapo ndipo trekta la kukodi likapata kazi: mtu mmoja ana mashine, majirani wana mashamba, kila mmoja analipia heka zake.

Kibaha mara mbili

Miaka ya 1980 nchi iliamua kuunganisha matrekta yake yenyewe. Kiwanda cha TRAMA, Kibaha, kiliunganisha Valmet za Finland. Trekta lenyewe lilikuwa imara. Lakini ile ilikuwa miaka ya ukame wa fedha za kigeni: hata tairi na betri zilikuwa shida, sembuse pampu ya dizeli. Kiwanda hakikudumu.

Miaka 30 baadaye tukarudi Kibaha. Kwa mkopo wa dola milioni 55 kutoka Poland, uliosainiwa mwaka 2015, tukaanza kuunganisha matrekta ya Ursus. Mwaka 2021 kampuni ya Ursus huko Poland ikafilisika. Aliyenunua trekta zuri la kampuni iliyokufa anajikuta anamiliki mashine isiyo na ukoo: hakuna wa kuuliza spea, na hakuna gari bovu la aina hiyo gereji ambalo fundi anaweza kung'oa kifaa.

Katikati yake kulikuwa na Kilimo Kwanza, mwaka 2009. Mkopo wa dola milioni 40 kutoka India ukaleta matrekta ya Farmtrac na New Holland, yakauzwa kwa mkopo kupitia SUMA JKT. Halmashauri nazo zikahimizwa kununua pawatila, vile vitrekta vya magurudumu mawili vinavyoendeshwa kwa kutembea nyuma yake. Wapo waliofanikiwa. Wapo pia ambao deni liliwaganda, hadi SUMA JKT ikawa inatangaza hadharani kuwafuatilia wadaiwa. Na pawatila nyingi, kama umezunguka vijijini umeziona, zimepumzika chini ya miembe.

Zilishindwa kwa nini? Pawatila imetengenezwa kwa majaruba ya Asia: udongo uliolowa, tope laini, vishamba vidogo vyenye maji. Ukiipeleka kwenye udongo mkavu na mgumu, inaruka juu kama mbuzi na mwendeshaji anachoka kabla ya injini. Kwenye jaruba lililojaa maji, mashine hiyohiyo inachavanga vizuri kabisa. Nyingi zilifaa kazi fulani, zikapelekwa kwenye kazi nyingine.

Mngeta: shamba kubwa nalo lina hesabu yake

Mtu anaweza kusema: tatizo ni udogo wa mashamba. Basi twende Mngeta, ng'ambo ya Ifakara kuelekea Mlimba. Hapo kuna shamba la zaidi ya hekta 5,000, yaani zaidi ya heka 12,000. Miaka ya 1980 lilianzishwa kwa ubia wa Tanzania na Korea Kaskazini, likaja kudorora. Mwaka 2008 likafufuliwa na Kilombero Plantations Limited, ubia wa mwekezaji binafsi na mamlaka ya bonde la Rufiji, RUBADA. Matrekta makubwa, kombaini, kinu, maghala: kila kitu kilikuwepo. Kwa upande wa heka kwa kila mashine, hapo hakukuwa na upungufu.

Lakini mashine kubwa hununuliwa kwa mkopo, na mkopo hulipwa kwa bei ya mchele. Mwaka 2013 mchele wa nje uliruhusiwa kuingia bila ushuru, bei ya ndani ikaporomoka. Ilipofika 2019 kampuni ilishindwa kubeba mikopo yake.

Funzo la Mngeta ninaloliona mimi ni hili: gharama ya kudumu haijui kama bei ya mpunga imeshuka. Mkulima wa jembe, bei ikianguka, anakula mpunga wake na kusubiri. Mwenye mkopo wa trekta hawezi kumlisha benki mpunga.

Hesabu ya mjomba

Sasa tukae na kalamu. Takwimu zinazofuata ni za mfano, mzisome hivyo. Bei za kwenu weka mwenyewe. Njia ndiyo muhimu.

Gharama za trekta ni za aina mbili. Gharama za kudumu unazilipa hata likilala bandani: uchakavu (bei ya kununua, toa utakayouzia, gawa kwa miaka), riba ya mtaji (hata kama hela ni yako, ingekuwa inazaa mahali pengine), banda na bima. Gharama za kazi zinakuja kwa kila heka: dizeli, vilainishi, dereva, spea na fundi.

Kiwango cha kurudisha gharama ni hivi: chukua gharama za kudumu za mwaka, gawa kwa tofauti kati ya bei ya kukodisha heka na gharama za kazi za heka hiyo. Jibu ni heka unazopaswa kulima kila mwaka ili tu usipate hasara.

Tuseme bei ya kukatua heka ni shilingi 80,000, na riba ni asilimia 15.

– Trekta jipya la nguvu za farasi 75 na zana zake, milioni 75. Baada ya miaka 10 utaliuza milioni 25. Uchakavu milioni 5, riba milioni 7.5, banda na bima milioni 1.1: jumla milioni 13.6 kwa mwaka. Gharama za kazi 34,000 kwa heka. Inabaki 46,000. Unahitaji heka 296.

– Trekta la mkononi, milioni 25, la kutumia miaka 6 na kuuza milioni 10. Uchakavu milioni 2.5, riba kama milioni 2.6, mengineyo laki 5: jumla milioni 5.6. Lakini linakula dizeli zaidi na fundi haishi, gharama za kazi 50,000. Inabaki 30,000. Unahitaji heka 187.

– Pawatila, milioni 9, ya kutumia miaka 6 na kuuza milioni 1.5. Jumla ya gharama za kudumu kama milioni 2.15. Gharama za kazi 40,000. Unahitaji heka 54.

Halafu linganisha na dirisha. Plau ya disiki 3 inakata upana wa kama mita 0.9. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, ukitoa asilimia 30 ya muda kwa kugeuza na vikwazo, unapata heka 0.8 hivi kwa saa, kama heka 6 kwa siku. Kati ya siku 40, mvua, uharibifu na safari zikichukua 10, zinabaki 30. Mara 6 ni heka 180.

Angalia tena. Trekta la mkononi linahitaji 187. Jipya linahitaji 296. Kwa kukatua peke yake, Kilombero, siku hazitoshi! Nilipofika hapa nilirudia hesabu mara 3 nikidhani nimekosea.

Lakini ndivyo wenye matrekta wa Ifakara walivyojifunza bila kusoma makala. Hawategemei kukatua tu. Wanapiga haro kwenye mashamba waliyokatua, wakati wa mavuno wanafunga tela na kubeba mpunga, matofali na mchanga, na msimu ukiisha hapa wanavuka kwenda wanakoanza kuchelewa. Zamani kuvuka Mto Kilombero kwenda Ulanga kulikuwa kusubiri pantoni. Tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 2018, trekta linavuka asubuhi na kulima mchana ng'ambo. Kwenye hesabu yangu daraja lile linaingia kama siku za kazi zilizoongezeka.

Na ndiyo sababu Massey kuukuu limeshinda. Bei yake ndogo inapunguza gharama zinazokimbia hata mashine ikilala, na kila fundi wa mjini analijua. Spea ikikosekana duka la kwanza, ipo la tatu.

Basi nani anunue nini?

Ukiwa na heka 1 hadi 10: kodi. Mjomba kwa heka 6 analipa 480,000 kwa mwaka. Gharama za kudumu za trekta la mkononi peke yake ni milioni 5.6. Tatizo lake halisi ni kuchelewa, na hilo lina dawa ya bei nafuu kuliko trekta: majirani wenye mashamba yanayopakana wajiandikishe pamoja na kumwita mwenye trekta kwa heka 40 kwa mpigo. Dereva anapenda heka 40 zilizo pamoja kuliko heka 3 zilizo peke yake, kwa sababu anapunguza safari na kugeuza. Heka 3 zikiwa mbali ndizo zinazoambiwa "kesho".

Ukiwa kwenye skimu ya umwagiliaji yenye majaruba, na kikundi chenye heka 50 au zaidi: pawatila inaingia akilini, kwa sharti kwamba kazi yake ni kuchavanga kwenye maji.

Ukiwa na heka 30 hadi 100 zako: bado hazitoshi trekta, lakini ukiongeza za majirani na kazi ya tela, trekta la mkononi la aina inayojulikana na mafundi wa eneo lako linaweza kujilipa. Kabla ya kulipa, tafuta fundi anayelijua na duka lenye spea zake. Ukivikosa, liache hata kama linang'aa.

Ukiwa na heka 300 na kuendelea: jipya linaanza kuwa na maana, hasa kwa kuwa kwako siku moja ya kuharibika ni heka nyingi. Lakini kumbuka Mngeta, piga hesabu pia kwa bei mbaya ya mpunga.

Daftari

Baada ya wiki 2 nilimpigia mjomba. Nilitegemea abishe, na alibisha. "Kwa hiyo unaniambia nikae nisubiri watu tena?" Nikamwambia hapana, mjomba, chukua daftari, pita kwa majirani, andika kila mmoja ana heka ngapi na kama yuko tayari kulipa nusu mapema. Ukifikisha heka 180 na kazi ya tela, tutaenda wote kukagua trekta, na mimi nitaingia chini ya injini. Usipofikisha, una orodha ya kumwitia trekta la mtu kwa mpigo.

Mwalimu ni mwalimu. Alichora mistari kwa rula: jina, heka, mahali, malipo. Mara ya mwisho kuongea daftari lilikuwa na heka 143. Kati ya hizo, za waliolipa nusu ni 61. Kiinua mgongo bado kiko benki, Desemba inakaribia, na kuna mzee mmoja mwenye Massey aliyekwishaulizia hizo heka 61 ziko upande gani.